Samaki wa Kidimbwi cha Pimbi

Ngano, ngano!
— Itue hapa!
Ije nzima au nusu?
— Nzima, na mkia wake!

Basi ikatua. Hapo kale, juu kabisa milimani, kule ambako asubuhi ukisema neno linatoka na moshi, aliishi Mama Pimbi. Mdogo, mviringo, mkia hana, masharubu anayo. Alikuwa na bustani ya kabichi, na katikati ya bustani akachimba kidimbwi cha kumwagilia. Kidogo tu, hata wewe ungekiruka.

Maji yakatulia. Mbu wakaja, wakataga humo. Nziii! Nziii! Wakawauma watoto wa Pimbi, na kitindamimba akashikwa na homa, hata kunyonya hataki.

Pimbi akakaa ukingoni, moyo mzito. Akawaza: "Nahitaji samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Wawe wadogo, maana maji ni machache. Wawe wamezaliwa kwenye baridi. Ni wale visamaki wa kijitoni tu."

Lakini kijito kilikuwa na mbabe wake: Fisi Maji, mwogeleaji mwenye meno makali na tumbo lisilojaa. Ukigusa samaki mmoja, anakung'ata.

Pimbi akaenda hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini kwenye maji yangu?"

"Ushauri tu. Nina kidimbwi. Niweke samaki gani?"

Fisi Maji akalamba midomo. "Sangara! Yule wa ziwani, kule chini kwenye joto. Mnene, mafuta tele! Nitakuletea mwenyewe. Ila akinona ni wangu."

"Haya, samaki wakubwa ni wako. Mimi nitachukua masalia."

"Masalia! Kwa, kwa, kwa! Tumekubaliana!"

"Lakini Bwana Mkubwa, mgeni akifika na njaa ya safari, atakula nini? Kabichi?"

Fisi Maji akakuna tumbo. "Kweli, atakonda huyo."

Akajitosa kijitoni, chubwi! Akaibuka na visamaki. Chubwi! Akaibuka na vingine. Akavimwaga kidimbwini vikiwa hai, chakula cha mgeni. Pimbi naye akapanga mawe chini ya maji, yakaacha vipenyo vyembamba.

"Mawe ya nini?"

"Mapambo, Bwana Mkubwa."

Fisi Maji akashuka mlima, tipwa tipwa. Akapanda mlima na mtungi mgongoni, hehe hehe, ulimi nje. Akammimina sangara, puu! Maskini sangara! Kichwa kiligusa ukingo wa huku, mkia ukagusa ukingo wa kule. Kugeuka hawezi. Visamaki, swii! vikaingia kwenye mawe. Kulipokucha, baridi ikamlegeza sangara, akaelea ubavu.

"Mama Pimbi! Samaki wako ameshindwa na baridi!"

"Wako huyo, Bwana Mkubwa. Wakubwa ni wako."

Nyam, nyam, nyam. Akamla hadi mifupa. "Nitaleta mwingine!"

Akashuka mlima, tipwa tipwa. Akapanda mlima, hehe hehe. Puu! Swii! Baridi. Nyam, nyam.

Akashuka tena, akapanda tena. Puu! Swii! Baridi. Nyam, nyam.

Safari hii akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mbona najitesa? Nawabeba hadi huku juu, kisha nawala! Si niwale hukohuko ziwani?" Akajiona hakuna mwenye akili kama yeye. "Mama Pimbi, nahama!"

"Na hivi vidogo, Bwana Mkubwa?"

"Masalia hayo! Kwa, kwa, kwa! Baki nayo!"

Akaenda, tipwa tipwa, hakurudi. Kijito kikawa cha kila mwenye kiu.

Visamaki vikatoka kwenye mawe, vikala viluwiluwi, vikazaa. Nziii ikanyamaza. Homa ikamwachia kitindamimba. Asubuhi moja akalia njaa, kilio kikubwa hasa, na mama yake akacheka huku machozi yakimtoka. Majirani wakaja na vibuyu kuomba mbegu ya visamaki, na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Funzo lake? Ukichimba kidimbwi kidogo penye baridi, weka samaki mkubwa kuliko kidimbwi, mtoe mbali kwenye joto, na ushauri umwombe mwenye tumbo kubwa. Mengine ni maneno ya Pimbi, msiyasikilize!

Ngano yangu imeenda kwao.
— Isalimie!
Aliyecheka aibebe, aliyesinzia aiote.