Mheshimiwa Akamua Farasi

Nurgazy Satarov alikuwa mbunge kwa miaka kumi na miwili, na maneno yake yaliweza kumtoa nyoka pangoni. Uchaguzi ulipombwaga, akateuliwa kuongoza huduma za afya za mkoa. Wabaya wake wakacheka: "Sasa atachanja watu kwa hotuba!"

Kiangazi hicho surua ilizuka bonde la jirani, na kule juu malishoni kulikuwa na watoto arobaini wasiochanjwa. Nurgazy akapanda mlima na muuguzi Anarkan. Kwa mazoea ya kampeni, akasimama juu ya gari, akashika kipaza sauti na kuwahutubia wafugaji saa nzima. Hakuna mama hata mmoja aliyepeleka mtoto kwenye hema la chanjo.

"Mbona hawaji?" akamuuliza Anarkan.

Aliyemjibu ni Mama Saikal, bibi mwenye mikono myepesi, aliyekuwa akikamua farasi, maana maziwa ya farasi ndiyo kinywaji cha wafugaji hao.

"Umetusalimu ukiwa juu, mheshimiwa. Mtu na adabu zake hushuka kwanza, akamega mkate wetu. Tena farasi hawa hukamuliwa kila baada ya saa mbili. Tukienda kwenye foleni yako, nani atakamua? Wewe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nurgazy aliona haya kweli, kwa sababu mama yake mzazi alimlea kwa kazi hiyohiyo. Akashuka, akamega mkate, akavua koti la suti. Kisha akapiga goti moja kwenye majani mabichi na kuweka ndoo juu ya paja, kama wakamuaji wafanyavyo.

"Niachieni farasi, mama zangu. Nyinyi pelekeni watoto."

"Haya, lakini huyo mwekundu ana mateke!"

Onyo lilichelewa. Mheshimiwa alikuwa keshalala chali, maziwa mpaka masikioni.

"Tungejua unaanguka vizuri hivi, tungekupa kura!" akapaza sauti mama mmoja.

Malisho yote yakacheka, na Nurgazy akacheka kuwashinda wote. Akarudi kwenye goti lake. Akina mama wakabeba watoto, na Mama Saikal akawatangulia na mjukuu wake mgongoni. Kufikia jioni, wote arobaini walikuwa wamechanjwa, wakilia huku wakitafuna mkate.

Mwezi uliofuata surua ilipanda mlima, isipate mtoto wa kumlaza. Nurgazy alipopata habari hiyo alirukaruka ofisini kwa furaha, ingawa goti lilikuwa bado likimuuma. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.