Farasi Aliyewekwa Arobaini

"Farasi hachechemei bandani." Ndivyo bibi yake Hozza alivyomwambia leo asubuhi, alipomkuta mjukuu wake ameegemea mlango anajitapa kwamba goti limepona na Jumamosi atakaa golini. Nanyi mkacheka, kwa kuwa hapa kwetu farasi hayupo na Hozza si farasi. Sasa mmenijia mimi mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Vyema. Kaeni, ila yule mwenye viatu vya matope akae mbali na mkeka wangu. Neno hilo lilizaliwa hivi.

Zamani milima hii ilikuwa na ukungu hasa. Huu wa siku hizi ni moshi wa jikoni tu. Ukungu wa zamani mtu alitundika koti lake juu yake asubuhi akaenda kulima, na jioni akalikuta palepale, limelowa lakini halijaanguka. Katika ukungu huo kilikuwapo kijiji cha Kwemshai, na Kwemshai alikaa mkunga mmoja, Bibi Namsifu. Mikono yake ilikuwa midogo kama ya mtoto, na watu wazima wote wa vijiji saba walikuwa wamepita katika mikono hiyo siku ya kwanza ya maisha yao. Hata mzee wa baraza alipokuwa akifoka, Bibi Namsifu alimwambia, "Nyamaza, nilikuona ukiwa na urefu wa samaki." Akanyamaza.

Bibi alikuwa na magoti mabovu. Kilichomfikisha kwa wazazi wa mbali ni farasi, rangi ya majivu, aliyeachwa na mzungu mmoja wa kiwanda cha mbao alipofunga virago akaenda zake. Farasi huyo watu walimwita Shemeji, kwa sababu alikula katika kila nyumba bila kualikwa.

Basi mwaka huo mpasua mbao mmoja, Singano, mke wake Rukia alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii ya pili Rukia aliibeba kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. Kwa desturi alirudi kwa mama yake, kijiji cha Hemkuyu, upande wa pili wa mlima, akajifungulie huko. Alipoondoka alimwambia mumewe neno moja tu: "Uniletee Bibi Namsifu. Sitaki mikono mingine."

Singano akaahidi. Wiki ileile, Shemeji akateleza kwenye daraja la magogo.

Hakuvunjika. Lakini mshipa wa nyuma ya mguu wa mbele, wa kushoto, ulivimba ukawa mnene kama muhogo, na farasi akawa anatembea kwa kuinamisha kichwa kila hatua, kama mtu anayesalimia wageni wengi. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema achinjwe, mwingine akauliza nyama yake inaliwa au hailiwi, na hapo yakazuka mabishano. Bibi Namsifu akapasua kati yao na fimbo yake, akapiga magoti kwa shida, akaweka shavu lake juu ya ule mguu. Akakaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba.

"Una moto," alisema. "Huyu tutamweka arobaini."

"Arobaini, Bibi? Kwani amezaa?"

"Mguu wake unazaa mguu mwingine. Arobaini."

Na akawekwa kweli, kama mzazi. Banda likafagiwa, likatandikwa majani makavu mpaka magotini. Asubuhi na jioni mguu ulimwagiwa maji ya mto, yale baridi yanayouma meno, kisha ukafungwa kwa vipande vya khanga. Mahindi akapunguziwa, kwa sababu, alisema Bibi, mtu asiye na kazi akishiba hutafuta ugomvi. Wanawake walipita kumjulia hali. Kwa kuwa mzazi haendewi mikono mitupu, walimletea uji, naye akaunywa na kumwagia nusu kifuani. Walikaa naye wakimweleza habari za waume zao, na wanasema hakuna siri ya Kwemshai ambayo farasi yule hakuijua. Ukungu uliingia mlangoni, ukajilaza naye, ukatoka. Siku zikaenda hivyo, hazina kingo, kama maziwa yanayomwagika polepole mezani.

Singano peke yake ndiye aliyezihesabu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupasua mbao, alipita bandani.

"Hajambo?"

"Hajambo," alijibu Bibi.

"Mwezi wa Rukia umekaribia."

"Rukia anazo siku zake na Shemeji anazo zake. Wewe kapasue mbao."

Siku ya ishirini na tisa akapita, akamkuta Shemeji amesimama wima kwa miguu yote minne, masikio mbele, manyoya ya shingo yanang'aa. Singano akatazama mguu. Uvimbe hakuna. Akamsukuma kidogo, farasi akasogea hatua moja kushoto, hatua moja kulia, sawasawa. Bibi alikuwa mtoni kuchota maji ya baridi. Singano akawaza: je, mtoto akiwahi? Je, leo ikiwa ndiyo siku, nami nimekaa nasubiri hesabu ya mwanamke mzee? Ngoja nimjaribu tu, mpaka kwenye ule mti wa mnazaa, nirudi.

Akaondoa gogo la mlangoni.

Watoto wangu, farasi aliyefungiwa siku ishirini na tisa hajaribiwi mpaka kwenye mnazaa. Shemeji alitoka shoti, Singano ananing'inia shingoni, wakapita shamba la viazi la mwalimu, wakapita kuku, wakapita harusi ya watu ambayo ilikuwa bado haijaanza, na wengine huapa kwamba kwa kitambo kidogo walikuwa wakikimbia juu ya ukungu wenyewe, kwato hazigusi kitu, na chini yao bonde lote limetulia kama bakuli la uji. Singano alicheka kwa sauti. Alimwona Rukia, alimwona mtoto, aliona kila kitu kimekuwa rahisi.

Kisha wakatua. Farasi akainamisha kichwa. Hatua ya pili akainamisha tena. Walirudi Kwemshai kwa mwendo wa saa mbili, farasi kwa miguu mitatu, na Singano akitembea pembeni.

Bibi Namsifu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Hakufoka. Aliweka shavu juu ya mguu, akainuka, akasema, "Leo ni siku ya kwanza."

"Bibi, alikuwa hachechemei! Naapa, nilimtazama vizuri, alikuwa hachechemei hata kidogo."

"Achechemee aende wapi, baba? Alikuwa bandani."

Siku kumi baadaye mjumbe akateremka kutoka Hemkuyu, anahema. Rukia ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya.

Singano akatazama banda, akatazama magoti ya Bibi, akageuka akachuchumaa, mgongo juu.

"Panda, Bibi."

"Wewe utaniweza mlima huo?"

"Nabeba magogo, Bibi."

"Magogo hayaogopi kuanguka," alisema Bibi Namsifu, lakini akapanda, mkoba wake kifuani na fimbo mkononi.

Wakaingia katika ukungu, na ndani ya ukungu hakukuwa na mlima wala bonde, ilikuwa pumzi ya Singano tu na sauti ya Bibi juu ya sikio lake. Nyuma yao Shemeji alilia bandani, na sauti yake iliwafuata kwa muda mrefu kuliko sauti inavyopaswa. Kila Singano alipoongeza mwendo, Bibi alimgonga ubavuni kwa fimbo. "Taratibu. Farasi nimebaki naye mmoja." Alipojikwaa alimwimbia, wimbo uleule anaowaimbia wazazi, na ajabu ni kwamba mlima ulilegea, ukashuka wenyewe chini ya miguu yao.

Lakini kwenye mteremko wa mwisho jiwe likageuka. Singano alisikia kitu kikikatika kwenye kifundo cha mguu, kama uzi. Mguu wa kushoto. Hakumshusha Bibi. Alimfikisha mlangoni kwa mama mkwe wake akiinamisha kichwa kila hatua, akamtua, akaanguka ukutani.

Akakaa pale akisikiliza. Jua lilikuwa likielekea kuzama iliposikika sauti nyembamba ndani ya nyumba, imekasirika sana, kisha sauti ya Rukia ikicheka na kulia pamoja. Bibi akachungulia. "Msichana. Wote wawili wazima. Mikono yangu ilifika kwa wakati." Singano akalia mpaka ukuta ukalowa.

Lakini Singano hakumwona mtoto. Desturi ya Hemkuyu ilikuwa baba asimtie mtoto machoni mpaka kitovu kidondoke, na mkwe asilale ukweni mke akiwa arobaini. Wakambeba kwa machela, wakamrudisha Kwemshai, na kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumpikia, Bibi Namsifu akamweka bandani pamoja na Shemeji.

"Miguu miwili, ndoo moja," alisema. "Mnanipunguzia safari."

Maji ya baridi asubuhi, maji ya baridi jioni, vipande vya khanga, uji. Wanawake walipita wakamsimulia farasi habari za waume zao, kisha wakamtazama Singano, wakahamia sikio la pili la farasi. Usiku na mchana vikachanganyika. Singano aliota mtoto asiye na uso, kila mara amegeuka upande mwingine, naye akinyoosha mkono na kuamka ameshika manyoya ya shingo ya Shemeji.

Siku ya ishirini na moja hakuweza tena. Bibi alipoingia alimkuta amesimama wima, amejikung'uta majani, amevaa shati.

"Bibi, nimepona. Nakwenda kumwona mwanangu."

"Umepona?"

"Tazama." Akasogea hatua moja kushoto, hatua moja kulia. "Sichechemei."

Bibi Namsifu akatazama ile miguu miwili, wa mtu na wa farasi, iliyosimama sambamba kwenye majani.

"Singano," alisema, "farasi hachechemei bandani."

  Singano akavua shati, akalikunja, akakaa chini taratibu, akanyoosha mguu wake kwenye ndoo.

Shemeji alitimiza arobaini yake kwanza, lakini Bibi alikataa kumtoa mmoja bila mwenzake, alisema watachekana. Walipotoka, walitoka pamoja. Siku ya kwanza hatua hamsini, wakarudi. Siku ya pili mia, wakarudi. Kila jioni Bibi aliweka shavu kwenye mguu wa farasi, halafu kwenye mguu wa Singano. Pakiwa na moto, kesho yake walipumzika. Pakiwa baridi, waliongeza. Siku ya kumi walikata mlima, Bibi akiwa juu ya Shemeji na Singano akishika hatamu, na hakuna kati yao aliyeinamisha kichwa.

Rukia alitoka nje amembeba mtoto, ambaye tayari alikuwa amejifunza kucheka. Lakini mama mkwe akatangulia mbele, mikono kiunoni. Habari za shamba la viazi zilikuwa zimefika.

"Wewe mtu wa pupa," alisema. "Mtoto huyu si wa kujaribiwa mpaka kwenye mnazaa. Utaweza kumlea?"

Zamani Singano angeapa. Siku hiyo alifikiri kwanza, na farasi akamsubiri.

"Sijui, Mama," alijibu, akanyoosha mikono. "Farasi hachechemei bandani. Nipe nimbebe."