Ekari Moja na Nusu

Mwachofi na mkewe Mghoi walilima ekari mbili kando ya mto. Mwezi wa nne mto ukavunja kingo, ukalala shambani siku sita. Ulipoondoka uliacha tope tupu, shamba zima rangi moja, kana kwamba hapakuwahi kupandwa kitu.

Lakini si ekari zote mbili zilizokuwa na mahindi. Msimu ule Mwachofi aliumwa mgongo, na nusu ekari ya upande wa chini ikabaki nyasi. Hilo walilijua wao wawili tu.

Ikatangazwa barazani kwamba serikali itawapa wakulima kifuta machozi, kila mtu kwa kadiri ya alichopoteza. Mwachofi hakuamini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu azaliwe hajamwona mtu wa serikali akivuka mto kuja kumuuliza jambo lolote.

"Wakija, sema ekari mbili," Mghoi akamwambia. "Gunia letu la mwisho limebaki nusu, Baba Wakesho. Na tope halina mdomo."

"Nitasema," akajibu.

Siku chache baadaye afisa wa kilimo akaja, mama wa makamo. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, kwa hiyo alikuwa amezunguka kwa miguu tangu asubuhi. Mwachofi alidhani ataandika akiwa amesimama njiani, kisha aende zake. Yule mama akavua viatu, akakunja sketi, akaingia topeni hadi magotini. Akatembea polepole. Akainama, akachomoa bua lililooza, akalishika mkononi kwa muda.

"Yalikuwa yamekaribia kubeba," akasema. "Pole sana, mzee. Hii ilikuwa kazi ya mikono yenu."

Kisha akafungua daftari. "Ulipoteza ekari ngapi?"

Mghoi akamtazama mumewe. Mwachofi akafungua kinywa aseme mbili, kisha akamtazama tena yule mama. Mtu huyu alikuwa amekuja mpaka hapa. Alikuwa amesimama ndani ya msiba wake, tope likimtiririka miguuni, akingoja jibu lake kana kwamba lilikuwa na uzito.

"Moja na nusu," akasema. "Kule chini palikuwa nyasi. Mto haukuninyang'anya kitu pale."

Mama akaandika, akamshukuru, akaondoka. Mghoi hakumsemesha mumewe hadi kesho yake.

Wiki zikapita. Wakala mboga bila ugali. Ndipo mchana mmoja simu ikalia, na Mghoi, ambaye ndiye aliyejua kusoma, akausoma ujumbe mara mbili. Fedha zilikuwa zimeingia: za ekari moja na nusu, bila kupungua wala kuzidi. Akaketi kizingitini, akalia.

"Kumbe walikusikia," akasema. "Kila ulichosema, walikiandika vilevile."

Wakanunua mbegu na unga wa kuwafikisha mavunoni. Mwachofi akashukuru kwa ajili ya unga. Lakini alishukuru zaidi kwamba siku ile hakumwaga tope jingine juu ya wema aliotendewa.

Basi niambieni, ndugu zangu: mtu aliyefuatwa hadi ndani ya hasara yake, atapata wapi uso wa kumdanganya aliyemfuata?