Ajali ya Mteremko wa Lusungo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana pikipiki zilikuwa zimekwisha kupanda hadi kijiji cha Ikubo huko milimani, palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Sekela. Alishona sare za shule, alishona vitenge vya kwaya, alishona magauni ya harusi. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu uliokanyaga ulikuwa wa kulia. Kijijini watu wengi hawakumwita kwa jina. Walimwita Fundi.

Ijumaa moja ya masika Sekela alikuwa na gauni la bibi harusi la kupeleka ng'ambo ya mto. Harusi ilikuwa kesho yake. Akafika kijiwe cha bodaboda akakuta pikipiki zote zimekwenda msibani, imebaki moja. Pikipiki hiyo ilikuwa ya Lugano, mwenyekiti wa kijiwe, na aliyekuwa ameushika usukani wake ni kijana aliyeoa majuzi, jina lake Anyosisye. Leseni yake ilikuwa na wiki mbili.

Kijiwe cha Ikubo kilikuwa na sheria, na sheria hiyo aliitunga Lugano mwenyewe. Dereva mpya habebi abiria hata kama ana leseni, mpaka kwanza ashuke mteremko wa Lusungo mara kumi akiwa na gunia la mahindi nyuma, mwenyekiti akimtazama. Anyosisye alikuwa hajashuka hata mara moja.

Sekela alilijua hilo. Akamtazama Lugano. Lugano akatazama mawingu, akatazama lile furushi la gauni, akasema, "Mpeleke Fundi. Polepole tu."

Anyosisye akampa kofia ngumu, akamfunga mkanda wake chini ya kidevu. Kisha akasema, "Dada, naomba ukae kwa kupanua miguu, huku mtelezo."

"Nimevaa sketi ya kubana. Nitakaa upande."

"Dada, nakuomba."

"Basi nitakwenda kwa miguu, na huyo bibi harusi nitamwambia ni wewe uliyenichelewesha."

Alikuwa abiria wake wa kwanza. Anyosisye akawasha pikipiki.

Lusungo huteremka kama ngazi iliyovunjika, na siku ile mvua ilikuwa imelainisha udongo ukawa kama sabuni. Walipofika katikati, mtu mmoja akatokea shambani akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, akakata njia. Anyosisye akakanyaga breki ya nyuma. Pikipiki haikupungua mwendo. Akakamata breki ya mbele, akaikamata kwa nguvu, gurudumu la mbele likateleza, na uzito wa Sekela uliokuwa wote upande mmoja ukaivuta pikipiki upande huo huo. Wakaanguka. Kichwa cha Sekela kiligonga jiwe, kofia ikapasuka, kichwa kikabaki kizima. Lakini pikipiki ilitua juu ya mguu wake wa kulia, na mfupa ukavunjika mahali pawili.

Hospitalini akafungwa hogo zito kutoka pajani hadi vidoleni. Askari wa usalama barabarani akaja na daftari, akamuuliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili: "Ulikaaje kwenye pikipiki?"

"Kama inavyotakiwa," akasema Sekela. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiri, na askari akaliandika.

Aliporudi nyumbani alimkuta mtendaji wa kijiji, Bi Tupokigwe, akimsubiri na karatasi. Ilikuwa fomu ya kijiji ya ajali, na chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa: Aliyesababisha. Mtu ambaye jina lake lingeandikwa pale asingeshika kazi ya pikipiki katika kijiji hicho kwa miaka miwili. Asingeendesha, asingefundisha, wala asingeweka pikipiki yake kijiweni.

"Aliyeumia ndiye anayejaza," akasema Bi Tupokigwe. "Tutaisoma mkutanoni Jumamosi."

"Mbona nafasi ni ya jina moja?"

"Mwaka jana ilikuwa ya majina mengi. Kwa ajali ile ya kwanza waliandikwa wanne. Kila mmoja akasema lake ni robo tu, na hakuna aliyefanywa lolote. Ajali ya pili ikaja, ikawa vilevile. Hii ni ya tatu, Fundi, mteremko ni uleule. Safari hii tunataka mtu."

Tangu siku hiyo Sekela hakumwamini tena mgeni. Kila aliyepiga hodi alimtazama miguu kwanza, kisha mikono, kisha macho, akijiuliza amekuja kumpa pole au amekuja kuufuata ule mstari.

Wa kwanza kuja alikuwa Lugano. Alikuja na mkungu wa ndizi na kuku aliyekwisha kupikwa. Akakaa, akasema pole mara tatu, na Sekela akahesabu hizo pole akaona zimezidi.

"Fundi," akasema Lugano, "mimi najilaumu, lakini nikuulize kitu. Yule kijana leseni aliipataje? Mwalimu Ambilikile alimfundisha wiki moja kwenye uwanja wa mpira. Uwanja, Fundi, tambarare kama meza. Hakumpeleka mlimani, hakumpandisha mtu nyuma. Kisha akamwandikia cheti kwamba amehitimu. Mimi nikiona leseni ya serikali, niseme nini?"

"Useme ashuke na gunia," akajibu Sekela.

Lugano akaaga mapema. Kuku Sekela hakumgusa. Alimwita jirani akampa, na hata jirani alipomla bila kudhurika, Sekela bado aliona kuku yule alikuwa na neno ndani yake.

Wa pili alikuwa Mwalimu Ambilikile wa shule ya udereva. Alikuja na viatu vilivyopigwa rangi na kitabu cha alama za barabarani kwapani, kana kwamba anakwenda darasani. Hakuleta chakula. Alileta habari.

"Fundi, askari alipoikagua pikipiki Jumatatu alikuta breki za nyuma mpya kabisa, zinang'aa. Ajali ilikuwa Ijumaa. Jiulize nani alizibadilisha, na kwa nini."

Sekela akahisi hogo limekuwa zito zaidi. Akakumbuka pale breki ya nyuma ilipokanyagwa na mwendo usipungue. Lakini akamtazama tena mwalimu, akaona jinsi alivyokuwa ameinama mbele kungoja neno hilo limwingie.

"Na mlimani ulimpeleka?" akamuuliza.

"Mtaala hausemi mlima. Unasema saa kadhaa za vitendo, na saa hizo nilimpa zote. Nina wanafunzi kumi na wawili na pikipiki moja ya kufundishia. Nikifungiwa mimi, unadhani vijana wa huku wataacha kuendesha? Wataendesha bila leseni na bila kujua hata taa nyekundu maana yake nini. Kabla yangu ilikuwa hivyo."

Akaondoka. Kile kitabu akakisahau mezani, au alikiacha makusudi. Sekela hakujua.

Wa tatu alikuwa Anyosisye. Alikuja mikono mitupu, viganja vina makovu mabichi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia."

Hakuingia. Sekela akamshuku kuliko wote. Mwenye kuku anajulikana anachotaka, mwenye habari anajulikana anachotaka, lakini huyu asiyeleta chochote anataka nini?

"Breki zilikuwa mbovu?" akamuuliza.

"Zilikuwa zimechoka. Nilimwambia mwenyekiti asubuhi ile. Akasema atazibadilisha jioni. Na mimi nikaendesha hivyo hivyo, nikijua. Ya mbele nayo niliikamata vibaya. Kwenye matope haikamatwi hivyo, mwenye uzoefu asingefanya. Mwalimu alikuwa amenifundisha pakavu."

"Na umemwambia nani hayo?"

"Nimemwambia askari yote. Kitu kimoja tu sijakisema, dada. Sijamwambia mtu yeyote kwamba ulikaa upande."

Akaaga akaondoka, na Sekela akabaki akilitazama lile pengo la mlango. Neno lile lilikuwa nini? Lilikuwa huruma ya kijana anayemficha mkubwa wake aibu? Au lilikuwa kisu kimewekwa mezani taratibu, kumwambia: ukiandika jina langu, nami nitasema? Alilipindua neno hilo kama apinduavyo kitambaa kutafuta upande wa ndani, na kila alipolipindua aliona pande zote zinafanana. Siku mbili alikaa nalo.

Jumamosi wakambeba kwa kiti hadi ofisi ya kijiji. Uwanja ulijaa. Bi Tupokigwe akampa kalamu, kisha akawaambia watatu wale waseme mbele ya watu.

Akasimama Lugano. "Kosa langu lipo. Sheria ya gunia niliitunga mimi, na mimi ndiye niliyeivunja. Breki niliambiwa asubuhi nikasema jioni. Nilipoona Fundi ameumia niliogopa, nikazibadilisha usiku uleule, na zile kuukuu nikazitupa chooni. Lakini kumbukeni kijiwe hiki kabla yangu. Nani alivaa kofia? Nani hakuendesha amelewa? Kofia iliyopasuka badala ya kichwa cha Fundi, ni mimi niliyemlazimisha kila dereva kuwa nayo. Mkiniondoa mimi, sheria zote zinaondoka nami."

Akasimama Mwalimu Ambilikile. "Kosa langu lipo. Niliandika kwamba amehitimu, na moyoni nilijua hajawahi kuona mteremko. Lakini sikumpa abiria mimi. Sikumpa pikipiki mbovu mimi. Mkiniondoa mimi, hakuna atakayefundishwa, na leseni zitakuwa karatasi za kununua."

Akasimama Anyosisye. "Kosa langu lipo. Nilijua breki, nilijua sheria, nilijua sijawahi kushuka Lusungo. Ningeweza kusema siendi. Nilitaka abiria wangu wa kwanza." Watu wakangoja aseme neno "lakini". Hakusema. Akakaa chini.

Sekela akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ajali hakuona pa kumshuku. Hilo lilimuuma kuliko mguu. Akaomba asimamishwe, wakamshika kwapa huku na huku.

"Na mimi," akasema. "Kosa langu lipo. Huyu kijana aliniomba nikae vizuri, akaniomba mara mbili, nikamtisha. Nilimwona mwenyekiti anavunja sheria yake nikafurahi, kwa sababu nilikuwa na haraka. Na askari aliponiuliza, nilidanganya."

Mama mmoja nyuma akasema, "Basi ajiandike mwenyewe." Mwingine akamjibu, "Akijiandika mwenyewe, faili linafungwa kwamba ni uzembe wa abiria. Breki zitabaki zilivyo, na uwanja wa mpira utabaki uwanja wa mpira, na kesho atashuka mwingine." Mzee wa kanisa akasema aandikwe Anyosisye, maana usukani ulikuwa mkononi mwake. Mke wa Anyosisye akasema kwa sauti ya chini kwamba mumewe ndiye pekee aliyesema ukweli wote kabla ya kubanwa, na kwamba ndiye huyohuyo mumewe aliyefunga mkanda wa ile kofia. Mtu mwingine akauliza ni nani atakayewafundisha watoto wake. Mwingine akauliza ni nani aliyewahi kutupa ushahidi chooni akiwa hana hatia.

Wakagombana hadi jua likaelekea magharibi. Bi Tupokigwe akapiga meza. "Jina moja," akasema. "Gari la wilaya linasubiri fomu."

Sekela akaiweka karatasi juu ya hogo lake, akaandika. Aliandika taratibu kama mtu anayekata kitambaa cha bei, ambaye mkasi wake ukishapita haurudi. Akaikunja, akaikabidhi, gari likaondoka. Mguu wake ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, akajifunza kukanyaga cherehani kwa wa kushoto. Miaka miwili ikapita ikaisha, na huko Ikubo hadi leo watu hawajakubaliana kama aliandika sawa.

Nanyi mmesikia yote, mwenyekiti na breki zake, mwalimu na cheti chake, kijana na usukani wake, fundi na sketi yake. Je, ni nani aliyestahili ule mstari mmoja?