Kwa Nini Senti Tano Haionekani Tena Sokoni

Zamani, kabla babu yangu hajaota ndevu, senti tano ilikuwa pesa. Msicheke. Ilikuwa na tundu katikati, na wanawake waliitunga kwenye uzi wakaufunga kiunoni, hata wakienda sokoni walisikika kabla hawajaonekana. Ilitembea mkono kwa mkono kutwa nzima, maana bei za siku hizo ziliihitaji: kiberiti senti tano, kibaba cha chumvi senti kumi na tano.

Katika mji mmoja wa bara, nyuma ya soko, alikaa mjane muuza chumvi aliyeitwa Bi Siwatu. Binti yake pekee alikuwa ameolewa mbali, mwendo wa siku tisa kwa miguu. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka, na nje ya mlango palikuwa na benchi lisilokaliwa na mtu. Wateja walikuja, wakapimiwa, wakaondoka. Alikuwa mpweke, na upweke ulimuuma zaidi alasiri, alipowasikia majirani wakicheka uani kwao.

Siku moja Fundi Mrisho, mshona viatu, alinunua chumvi akatoa senti ishirini. Bi Siwatu akapekua kote, asione senti tano ya kumrudishia.

"Chenji sina, baba," akasema. "Pita kesho."

Sasa, watu wa wakati ule walikuwa na adabu yao. Ilikuwa aibu kupokea chenji umesimama, kana kwamba unamshuku mwenye duka. Mtu alikaribishwa, akaketi, akaulizwa habari za nyumbani, na mwisho kabisa ndipo akapewa haki yake. Kwa hiyo kesho yake Mrisho alikaa kwenye lile benchi, akasimulia juu ya mguu wa mama yake na mbuzi aliyekula ngozi ya viatu vya watu, mpaka jua likapoa. Siku hiyo Bi Siwatu alikula chakula akakisikia ladha.

Tangu hapo kila senti tano iliyoingia dukani aliitia katika chungu chini ya kitanda. Mteja akija, chenji hakuna, pita kesho. Hakuwa mwizi, na asiitwe mwizi mbele yangu; kila mtu alipewa senti yake. Ila benchi lilijaa, na yeye akanawiri.

Kisha akazidisha. Kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa mwezi ukiandama. Watu walikuja mara mbili, mara tatu, wakaketi, wakazungumza, wakaondoka mikono mitupu. Aliona kwamba hivyo atakuwa nao zaidi. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Masika yakaingia, njia ikawa tope tupu. Mrisho alikuwa akipita na mzigo wa ngozi kichwani, na Bi Siwatu akamwita kutoka mlangoni.

"Fundi, ile senti yako ipo. Njoo ukae kidogo."

Mrisho hakusimama. "Acha tu, Bi Siwatu. Senti tano si kitu."

Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo katika mji ule. Waliolisikia likawapendeza, kwa sababu lilimfanya mtu aonekane ana uwezo. Masika hayajaisha, kila mmoja alikuwa akisema acha tu. Wakaweka senti ishirini, wakachukua chumvi, wakaenda zao. Hakuna aliyepandisha bei ya chumvi, lakini ikawa senti ishirini.

Bi Siwatu aliogopa. Akakitoa chungu, akafunga senti kwenye pindo la kanga, akazipeleka nyumba kwa nyumba. Kwa Mrisho, mkewe aliipokea pale pale kizingitini. "Umejitaabisha bure, bibi," akasema, wala hakumkaribisha ndani. Katika nyumba zilizofuata hawakutaka hata kuipokea. Akarudi na pindo limejaa, akaketi peke yake kwenye benchi, akalia, na hakuna aliyepita kumuuliza ana nini.

Na tangu siku hiyo senti tano ilikosa pa kwenda. Ikabaki vyunguni na kwenye nyufa za sakafu, baadaye senti kumi ikaifuata, na hamsini nayo. Kila sarafu hufa siku watu wanapoona tabu kuirudia. Wenye maduka nao wamejifunza. Leo muuzaji akikosa chenji, hakuambii upite kesho, wala hakuonyeshi pa kukaa. Anakutilia pipi mkononi, mmalizane.