Kawa la Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo ni pakawa au mtu anapiga miayo? Wewe uliyejifunika kanga mpaka masikio, itikia kama uliyekula! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Ngano hii wazee wanaijua nusu, walimu hawaijui kabisa. Mimi shule nilitoka mapema, chaki ilikuwa inaniwasha, lakini hii ninayo nzima, kichwa mpaka mkia. Atakayenikatiza atamalizia yeye.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji uitwao Mtondooni, nyuma yake kilima, mbele yake bahari. Siku hizo maji ya mvua yalishuka kilimani kama mgeni asiye na haraka. Yanasimama hapa, yanasalimia pale, yanakaa kidogo kwenye mikindu, yanapumzika tena kwenye mikoko. Yakifika baharini yameshasahau udongo yalioubeba, yameutua wote njiani. Kwa hiyo bahari ya Mtondooni ilikuwa safi, na chaza walishika kwenye mizizi ya mikoko na mawe ya pwani, wanene kama shavu la mtoto.

Chaza hao ndio waliomlisha Bi Mize. Bi Mize alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mwanaidi, na paka mmoja. Mwanaidi akaolewa na Machano.

Machano! Kijana wa kifua mbele, jembe begani, mdomo umemtangulia hatua saba. Msinitazame mimi, nasema Machano.

Sasa, adabu ya mji ule ilikuwa hivi: mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso. Bi Mize akiwa na neno, humwambia paka, na mkwe asikie. Na kila jioni humpelekea Machano sahani ya wali wa chaza, imefunikwa kwa kawa la ukindu alilosuka mwenyewe. Machano hufunua kawa kwa mbwembwe, macho juu, ananusa kama sultani.

Siku moja kabla ya masika Bi Mize akasema, "Paka wee, masika yakija uani kwangu maji yatanifika kwenye vifundo vya miguu, kama kila mwaka."

Alikuwa anaongea tu, jamani. Vifundo! Lakini Machano akaruka. "Paka, mwambie mama asihofu! Nitachimba mtaro mmoja, ulionyooka kama mkuki, kutoka kilimani mpaka baharini. Mimi Machano, jembe langu halina mwenzake. Maji nikiyaambia nendeni, yanakwenda!"

Asubuhi akaanza. Alipofika kwenye mikindu, Kitwitwi, yule ndege wa pwani mwenye miguu kama vijiti, akamwambia, "Machano, usiing'oe. Maji yanakaa hapa."

"Nenda kanenepe kwanza ndipo uje kunishauri! Mimi Machano, jembe langu halina mwenzake. Maji nikiyaambia nendeni, yanakwenda!"

Akaing'oa. Akafika kwenye mikoko. Mkoko mkubwa ukamwambia, "Machano, usinikate. Maji yanapumzika hapa."

"Mti gani unaotembea kwa magoti? Mimi Machano, jembe langu halina mwenzake. Maji nikiyaambia nendeni, yanakwenda!"

Akaukata. Akafika kwenye tope la pwani. Kaa akatoka shimoni, macho yamesimama. "Machano, usipite hapa. Sisi tunatoboa matundu madogo ili ardhi inywe polepole. Wewe unaipasua koo."

"Wewe hata kwenda mbele huwezi! Mimi Machano, jembe langu halina mwenzake. Maji nikiyaambia nendeni, yanakwenda!"

Kweli, yakaenda.

Mvua ya kwanza ikanyesha kuanzia alfajiri. Maji yakaona njia imenyooka, hayakusimama, hayakusalimia, hayakukaa. Yalishuka mekundu, yakang'oa minazi michanga, yakabeba kilima robo yake, yakaumwaga mzigo wote pwani. Ua wa Bi Mize ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa! Kuku walitembea na viatu, ningesema. Lakini wanawake waliposhuka kuokota chaza, hapakuwa na jiwe wala mzizi. Palikuwa na tope jekundu mpaka magotini, na chini yake chaza wamefunga midomo, wamekufa.

Watu wakapiga kelele, "Nani kafanya hivi?"

Machano alikuwa amesimama palepale. Mdomo uliozoea kumtangulia, siku ile ukamkimbia kabisa, ukaenda kusema wenyewe: "Kaa! Kaa ndio wametoboa pwani yote. Mtaro wangu haukuwa na neno."

Mnaguna? Subirini, bado.

Watu wakachukua fito na majivu ya moto, wakaenda kufukua kaa. Tundu hili majivu, tundu lile majivu. Machano akaingia nyumbani, akakaa kitandani. Akasikia kwaru kwaru chini ya mtungi. Akainama. Ni yule Kaa, gando moja limeungua.

"Umekuja kwangu?" Machano akanong'ona. "Huko nje wanakuua, unakuja kwangu mimi?"

"Niende wapi?" akasema Kaa. "Mji mzima, wewe peke yako ndiye unayejua kwamba sikufanya."

Wewe ungejibu nini?

Jioni sahani ikaja, imefunikwa kwa kawa. Akafunua: wali mtupu. Jioni ya pili akafunua: ukoko wa wali. Jioni ya tatu akafunua: ganda moja la chaza, limeoshwa likang'aa, basi. Hakukuwa na tusi. Hakukuwa na swali. Laiti angemtukana! Mwanaidi alisimama mlangoni, mgongo umemgeukia mumewe, na Machano akaona mabega yake yanatikisika.

Akamweka Kaa kwenye sahani, akaibeba mpaka ukweni. Majirani wakatoka vibarazani. Akapiga magoti uani, kwenye ule ua mkavu, akamwita paka.

"Paka," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mwambie mama kaa hawakufanya. Ni mimi. Waliniambia mara tatu, nikawacheka mara tatu. Halafu nikawasingizia. Mwambie binti yake hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Paka akajilamba. Ndani, sauti ya Bi Mize ikasema, "Paka, mwambie mkwe wangu nilijua tangu siku ya kwanza. Kaa hana jembe."

Mtu mmoja barazani akacheka, kisha akanyamaza. Alikumbuka majivu aliyomwaga.

Lo, aibu ile! Kumbe sahani zote tatu alipelekewa na mtu anayejua. Machano alitamani ardhi immeze, ila ardhi yenyewe alishaimwaga baharini.

"Kaa," akasema, "nifanye nini? Nichimbe mtaro mwingine, mpana zaidi?"

"Weka jembe chini kwanza, linakuwasha," Kaa akasema. "Maji ni mgeni. Wewe umemfukuza, akaondoka na vyombo. Mpe pa kukaa."

Basi Machano akapanda kilimani. Akachimba vishimo vyenye umbo la mwezi mchanga, mgongo wake ukiangalia chini, kila kimoja kikikinga maji kidogo. Watu wakipita wanamwuliza, "Mkuki umepinda, bwana?" Anainama, anachimba. Kandokando ya vishimo akarudisha mikindu. Ndani ya mtaro wake akasuka nyigo, vizuizi vifupi vya fito na mawe, moja, mbili, mpaka arobaini, ili maji yakifika yajikwae, yatue mzigo. Mwisho akashuka pwani na matunda marefu ya mkoko, akayachomeka topeni.

Kitwitwi akacheka mpaka akakaa chini. "Umeyapanda au umeyazika? Ncha ndiyo inayoingia, kichwa kinabaki juu!"

Zamani angejibu. Safari hii akayang'oa yote, akayageuza, moja moja.

"Na usiyapange mbali mpaka majani ya bahari," Kaa akamwambia. "Huko yatazama. Panda pale palipobaki visiki. Pengine acha wazi, bahari italeta mbegu zake yenyewe. Si kila kitu lazima kiwe kazi yako."

Masika ya kwanza tope likapungua, uani kwa Bi Mize maji yakarudi kwenye vifundo. Masika ya pili mikoko ikafika magotini, kaa wakarudi. Masika ya tatu Mwanaidi akaja anakimbia kutoka pwani, kiganja wazi: chaza wachanga, kama kucha.

Miaka mingine ikapita, chaza wakakua. Jioni moja sahani ikaja. Kawa lilikuwa jipya, na katikati yake ulipita mstari uliopindapinda, kama maji yasiyo na haraka.

Nje, sauti ikasema, "Paka, mwambie mkwe wangu ale. Na mwambie ukindu wa kawa hili umetoka kwenye vishimo vyake."

Machano akainamisha macho. Akafunua kawa polepole, bila mbwembwe, bila kunusa. Wali, na juu yake chaza mmoja. Akamkata vipande viwili, kimoja akakiweka chini, mlangoni, kwa mwenye gando moja lililoungua.

Ndiyo maana mpaka leo mwanamume akiletewa chakula ukweni hufunua kawa macho chini. Mnasema ni adabu. Adabu ya wapi! Ni aibu ya Machano, tumerithishwa wote. Hata mimi mwenye mdomo huu, siku nikienda ukweni, mtaniona natazama mkeka.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua mzigo. Anayeona haikutosha na aende pwani kesho, akamwulize Kaa, ila asimguse gando.