Swali la Yulan Wodini

Aulizaye tena si kiziwi. Mmeisikia kwa shangazi yenu Saumu, mkamwuliza kaitoa wapi, naye akacheka tu akawatuma kwangu. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Saumu alipokwenda ng'ambo kusomea uuguzi, darasani mwao alikuwamo msichana wa Kichina, Shen Yulan, binti wa mfinyanzi kutoka Hunan. Kiingereza cha kwenye karatasi Yulan alikijua barabara. Kilichomtesa ni kile cha midomoni, maana wenyeji wa kule huongea kama wanaokimbizwa na nusu ya maneno huyameza. Yeye hulipanga jibu lake kichwani, akaligeuza, akalinyoosha, na likiwa tayari mazungumzo yamekwisha kuhamia kwingine.

Basi akawa anauliza. Akiambiwa, anaomba arudiwe. Mwanzoni walimvumilia, baadaye wakaanza kutazamana na kucheka chini chini. Saumu naye alicheka. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, akajiona mwenyeji. Yulan aliviona vicheko hivyo vyote. Jioni alisikiliza masomo aliyoyarekodi mpaka masikio yakamuuma, na kesho yake akauliza tena.

Mwaka wa pili wakapelekwa wodini. Asubuhi moja sista mkuu alipita mbio, akawatajia dozi ya insulini ya mzee mmoja mgonjwa wa kisukari, wamwandalie. Saumu akaandika, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Yulan akabaki na kalamu hewani. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana mno masikioni, naye hakuwa na hakika. Alijua watamcheka. Alijua pia kwamba yule mzee kitandani hana wa kumwulizia.

"Samahani, sista, umesema ngapi?"

"Nimeshasema," akajibiwa, sista yuko mlangoni.

Nyuma ya Yulan mtu akaguna kwa kicheko. Uso ukamwaka moto, lakini akamfuata.

"Ni moja na tano, au tano na sifuri?"

Sista akasimama. "Moja na tano."

Saumu akaitazama karatasi yake. Alikuwa ameandika hamsini.

Akaiweka sindano chini. Dozi ile ingeweza kumwua mzee wa watu. Hakuificha karatasi; aliipeleka kwa sista mwenyewe na sindano juu yake, akakiri, akakaripiwa mbele ya wote. Kisha akamwendea Yulan kumwomba radhi, kwa lile kosa na kwa vile vicheko.

Yulan alimtazama kwa mshangao. "Mimi nilidhani wewe husikia kila kitu," akasema.

Tangu siku hiyo, kila aliyemcheka Yulan, Saumu alimjibu kwa methali hii, kwa Kiswahili kwanza, ndipo akamfasiria. Yulan leo ni sista mkuu, na wanafunzi wake wanasema bado huuliza mara mbili. Naye shangazi yenu alirudi nyumbani Muheza na maneno yale, akawa anawaambia wauguzi wapya siku yao ya kwanza kazini, kabla hawajagusa sindano: aulizaye tena si kiziwi.